Saa tatu kati ya tiketi mbili

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa kiume anaoa ng'ambo na mimi ndiye mpambe wake. Tunakwenda watu sita: mimi, mke wangu, mama yangu mwenye miaka 71 ambaye mwendo mrefu humshinda hivyo tutamwombea kiti cha magurudumu, binti wa miaka 13, kijana wa miaka 8, na mtoto wetu wa mwisho ambaye siku ya kuondoka atakuwa na miezi 23. Tutakaa wiki sita, na tumefurahi kwamba atatimiza miaka miwili akiwa na baba yake mdogo.

Nina njia mbili mkononi. Ya kwanza ni shirika kubwa, tiketi moja mwanzo hadi mwisho, tunabadilisha ndege mara moja. Ya pili ni mashirika mawili ya bei nafuu yasiyohusiana, tiketi mbili tofauti, na katikati tuna saa tatu za kushuka na kupanda nyingine. Kwa njia hii tunafika jioni, harusi ni kesho yake asubuhi. Lakini ni nafuu kwa theluthi nzima, na theluthi hiyo ingetulipia malazi ya wiki zote.

Mke wangu hataki hata kuisikia, anasema ndege za bei rahisi si salama. Shemeji yangu anasema shirika kubwa tunalilipia jina tu. Nimekaa na karatasi hii wiki mbili sasa. Nisaidie.

Baba wa Watatu

JIBU

Marahaba, baba, na hongera kwa familia.

Nianze na mkeo, kwa sababu hofu yake nimeisikia kwa watu wengi wenye busara. Mwambie shemeji yako asimcheke. Lakini hofu hiyo ameielekeza mahali pasipo. Mashirika nafuu hununua ndege kwa Boeing na Airbus kama wenzao, na marubani wao hupewa leseni na mamlaka zile zile za anga. Unafuu unatoka kwingine: shirika lina ndege za aina moja, kwa hiyo mafundi, vipuri na mafunzo ni ya aina moja, ndege haikai chini, ikitua inapakia na kuondoka, viti vimesogezwa, mara nyingi inchi 28 au 29 kutoka kiti hadi kiti badala ya 31 au 32, na kila kitu nje ya kiti kinauzwa kando. Akitaka kutulia kabisa, mwonyeshe mambo mawili kwenye intaneti. Moja ni orodha ya mashirika yaliyopita ukaguzi wa usalama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, uitwao IOSA, ulioanza mwaka 2003. Nyingine ni orodha ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutolewa mwaka 2006, ya mashirika yaliyopigwa marufuku kwenye anga lake. Kukosekana kwenye ya kwanza si hukumu, yapo mashirika mazuri ambayo hayamo. Kuwemo kwenye ya pili ni sababu tosha ya kutafuta ndege nyingine.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni zile saa tatu.

Nilifanya kazi kaunta ya kupokea abiria miaka 19. Nitakueleza usiku mmoja tu. Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili tangu nifunge kaunta ya ndege ile, mkanda wa mizigo nyuma yangu umeshasimama, nikamwona mama mmoja anakuja mbio anasukuma kitoroli. Juu ya masanduku alilala mtoto wa miaka mitatu hivi, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mkubwa wake alikuwa anakimbia nyuma ameshika pasipoti zote tatu kifuani. Ndege yao ya kwanza ilikuwa imechelewa saa moja na nusu. Ilikuwa ya shirika jingine, tiketi nyingine. Mama yule alinionyesha dirishani akasema, "Si ile pale? Naiona." Na kweli ilionekana, taa zinawaka. Kwenye kompyuta yangu, hata hivyo, alikuwa abiria ambaye hakufika. Hakuna mahali palipoonyesha kwamba alikuwa njiani, kwa sababu shirika langu halikujua kabisa kwamba kuna ndege nyingine iliyomleta.

Ilinibidi nimwambie na la pili. Ukikosa kipande cha kwanza cha tiketi, mashirika mengi hufuta vipande vinavyofuata, kwa hiyo hata safari yao ya kurudi kwenye tiketi ile ilikuwa imekwenda. Hakubisha. Alikaa chini pale pale mbele ya kaunta, akamvua mtoto kile kiatu kilichobaki. Sheria yote ilikuwa upande wangu, na sikupata usingizi.

Sasa chukua kalamu tuhesabu saa zako. Saa tatu ni dakika 180. Kwa safari za nje ya nchi, kaunta nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo unazo 120. Mama yako hushushwa mwisho, wakati abiria wote wameshatoka, ndivyo utaratibu wa viti vya magurudumu ulivyo: toa 30. Kwa kuwa tiketi ni mbili, mizigo haipiti moja kwa moja. Lazima muingie nchi ile, mchukue masanduku, mtoke, mkaanze upya. Foleni ya uhamiaji kwa watu sita, siku njema: toa 40. Kusubiri mizigo: 25. Forodha, lifti, labda na basi la kwenda jengo la pili: 20. Umebaki na dakika tano, na hapo nimechukulia kwamba ndege ya kwanza imetua kwa wakati. Mimi nimeona ndege iliyotua mapema ikikaa dakika ishirini uwanjani kusubiri mahali pa kuegesha.

Tena kuna viza. Mtu mwenye tiketi moja mara nyingi hubaki upande wa ndani, hakutani na uhamiaji. Wewe utakutana nao, kwa hiyo kama nchi hiyo inawadai viza, ni viza sita za kuingia. Je, uliziweka kwenye hesabu yako? Na nchi nyingine hazina huo upande wa ndani kabisa. Marekani, kwa mfano, kila anayebadilisha ndege hupita uhamiaji hata kama tiketi ni moja. Angalia na njia yako ya kwanza inapitia wapi.

Shemeji yako anasema mnalipia jina. Kwenye mambo fulani ana haki. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 haubagui shirika nafuu na ghali: begi likiharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi, likicheleweshwa una siku 21 tangu ulipolipata, na ripoti uiandikishe kabla hujatoka ukumbi wa mizigo. Lakini tiketi moja si jina. Ni ahadi ya kukufikisha mwisho. Kwanza, shirika haliruhusiwi na mfumo wake kukuuzia muda wa kubadilisha ndege ulio chini ya kiwango cha uwanja husika. Pili, mkichelewa kwa sababu ya kipande cha kwanza, wao ndio wa kuwatafutia viti vingine, na shirika kubwa huwa na safari nyingi na makubaliano ya kupeana abiria na mashirika mengine. Shirika nafuu likiruka mara mbili kwa wiki na safari ikafutwa, nafasi ijayo ni ya siku tatu au nne mbele, na makubaliano hayo wengi wao hawana. Mtarudishiwa nauli yenu, ndiyo. Harusi je?

Turudi kwenye ile theluthi, maana hapa ndipo nilipochukua kalamu yangu mwenyewe.

Mtoto wenu wa mwisho umemhesabu kama wa kupakatwa, sivyo? Wa kupakatwa ni aliye chini ya miaka miwili siku ya kusafiri, na hilo huangaliwa kwa kila safari peke yake. Kwenda ana miezi 23, sawa. Kurudi atakuwa ameshatimiza miwili, anadaiwa kiti chake na nauli yake. Hili liko kwenye njia zako zote mbili, lakini kwenye ile ya mashirika mawili ni viti viwili vya kununua, na programu za kulinganisha nauli haziulizi tarehe hiyo vizuri. Waulize mashirika yenyewe kabla hujalipa. Nimeona baba akigundua jambo hili siku ya kurudi, mtoto mabegani, ndege imejaa.

Kisha mizigo. Bei nafuu uliyoiona karibu kwa hakika ni ya mkoba wa mkononi tu, kilo 7 au hata pungufu ya hapo. Watu sita wa harusi hawaendi na mikoba. Weka masanduku matatu ya kilo 23, uyazidishe mara mbili kwa kuwa kila shirika linalipisha lake, uyazidishe tena kwa kurudi. Ni malipo 12. Na uyalipie mapema kwenye mtandao, kwa maana kwenye kaunta bei hupanda sana. Hapo ndipo nilipowaona watu wazima wakifungua masanduku sakafuni na kuvaa makoti mawili mawili. Ongeza viti vya kukaa pamoja, ili mwenye miaka 8 asikae safu kumi nyuma yenu. Ongeza chakula cha safari ya saa nyingi. Kiti cha magurudumu hakina malipo popote pa heshima, lakini kiombe angalau saa 48 kabla, na kwa tiketi mbili ukiombe mara mbili, kwa sababu mhudumu wa shirika la kwanza anamfikisha mama mlango wa kutokea, kazi yake imeisha.

Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi ile ile uliyokaa nayo. Nadhani theluthi itashuka ikawa sehemu ndogo sana.

Na kabla hujakata tamaa na shirika kubwa, fanya jambo hili ambalo wateja wengi hawalijui. Viti vya ndege moja huuzwa kwa madaraja kadhaa ya bei. Ukitafuta viti sita kwa mkupuo na daraja la chini limebaki na vinne, mifumo mingi huwapandisha wote sita kwenye bei ya juu. Tafuta kiti kimoja uone nauli yake. Ikiwa ni chini kuliko nauli ya kila mmoja wenu mnapotafuta sita, nunua vinne kwanza, kisha viwili, halafu uwapigie simu wakuunganishie manunuzi hayo mawili ili wajue mko pamoja. Weka mtu mzima mmoja kila upande. Jaribu pia kuondoka katikati ya wiki.

Kwa hiyo, baba, uamuzi wangu: kwenda harusini, chukua tiketi moja. Si lazima iwe ya lile shirika kubwa. Kama kuna shirika nafuu linalowafikisha wote kwa tiketi moja, na mnafika siku mbili kabla, lichukue bila kusita, na mkeo mwonyeshe zile orodha. Ikiwa baada ya haya yote tiketi mbili bado zinakuokolea kiasi ambacho huwezi kukiacha, basi usikubali saa tatu. Ondokeni siku mbili mapema, mlale usiku mmoja kwenye mji wa katikati, viza zikiwa mkononi, mama apumzishe miguu.

Na ulipe kwa kadi inayokuruhusu kudai fedha zako benki shirika likifunga. WOW air ya Iceland, iliyovusha watu Atlantiki kwa nauli ndogo sana, ilisimama tarehe 28 Machi 2019, na abiria wengine walipata habari wakiwa uwanjani tayari.

SWALI

Shangazi, nimenunua tiketi ya nafuu jana usiku nikiwa na usingizi, na leo naona jina la mwanangu nimeliandika kwa herufi moja pungufu. Naogopa kuwapigia wasije wakanilipisha tiketi mpya. Je, si bora ninyamaze?

Mama Mwenye Haraka

JIBU

Usinyamaze, mama. Wapigie leo, tena sasa hivi. Jina la kwenye tiketi linatakiwa lifanane na la kwenye pasipoti, na atakayeamua kama herufi moja ni ndogo au kubwa ni mtu wa kaunta siku yenyewe, akiwa na foleni ya watu mia mbili mbele yake. Mashirika mengi husahihisha herufi moja au mbili bure au kwa malipo kidogo. Wanachokataa ni kubadilisha mtu.

Tena una bahati ya muda. Kama safari yako inaanzia au kuishia Marekani na uliinunua kwa shirika lenyewe siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, kanuni za huko zinalitaka shirika likuruhusu kuahirisha kulipa au kufuta bila adhabu ndani ya saa 24. Kwingineko mashirika kadhaa hutoa nafasi kama hiyo kwa hiari, soma masharti ya tiketi yako. Uwe na pasipoti ya mtoto mkononi unapopiga, uwasomee herufi moja moja, na wakishasahihisha waombe wakutumie tiketi mpya kwa barua pepe ukiwa bado kwenye simu. Ifungue, lisome jina, ndipo uwaage.