Taa za Chumbani Zinapoivuruga Roboti: Maswali na Majibu

Fundi, roboti yangu hufuata mstari vizuri, ila nikiwasha taa ya meza inapotea kabisa. Sensa imekufa?

Haijafa. Nadhani taa yako ni ile balbu ya kizamani yenye waya unaowaka. Sensa ya mstari humulika sakafu kwa LED yake ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kisha hupima kinachorudi. Balbu hizo hutoa infraredi nyingi kuliko mwanga tunaouona, na sensa haina njia ya kujua ipi imetoka kwenye LED yake na ipi imetoka juu. Weka balbu nyeupe ya LED, ambayo karibu haitoi kitu kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 940, eneo ambalo sensa nyingi za aina hii hufanyia kazi. Jaribu hilo kwanza kabla hujagusa programu.

Naambiwa nipime "giza" kisha nitoe. Giza gani tena, na taa zinawaka?

Giza la LED ya sensa, si la chumba. Izime, soma, iwashe, soma tena, toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Tuseme kwenye saketi yako namba hupanda mwanga ukizidi: umepata 310 ikiwa imezimwa na 540 ikiwa imewaka, tofauti 230. Sogeza roboti chini ya taa, upate 450 na 680. Tofauti ni ileile 230, na hiyo ndiyo ya kuiamini.

Masomo hayo mawili yafuatane upesi. Kwenye umeme wa hezi 50, mwanga wa balbu hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo ukichelewa milisekunde chache unatoa mwanga mmoja kwenye mwingine. Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha programu ya roboti, husoma kwa takriban mikrosekunde 100, inatosha. Ila ipe fototransista, sehemu ya sensa inayopokea mwanga, nafasi ya kutulia kila unapowasha au kuzima LED.

Zikitoka 1023 zote mbili, namba ya juu kabisa ambayo Uno husoma, hakuna cha kutoa: sensa imejaa. Punguza rezista ya fototransista, mathalani kutoka kiloomu 47 hadi 10. Na kama moduli yako imeunganisha LED moja kwa moja kwenye umeme (nyingi za bei rahisi ziko hivyo, inaudhi), itabidi uikate na kuipitisha kwenye transista ili programu iweze kuizima na kuiwasha.

Nimeizungushia sensa plastiki nyeusi, hakuna mabadiliko.

Plastiki nyingine ni nyeusi kwa macho tu. Infraredi inapita kama kawaida. Ziba uso wa rimoti kwa kipande hichohicho ubonyeze: televisheni ikiitika, hicho si kinga. Pia shusha sensa. Sensa ya mstari aina ya TCRT5000 huona vizuri zaidi ikiwa milimita 2.5 kutoka sakafuni, na huko chini kivuli cha roboti chenyewe kinakusaidia.

Kipokezi changu cha rimoti, cha kilohezi 38, hutoa ishara hata rimoti ikiwa kwenye droo.

Angalia taa za tyubu. Zile zenye balasti ya elektroniki (saketi inayoendesha tyubu) hupigapiga kwa makumi ya kilohezi, jirani kabisa na 38. Weka rezista na kapasita kwenye njia ya umeme ya kipokezi, kisha programu ikatae ishara isiyofuata mpangilio wa mipigo uliyoituma.

Kamera ya simu inatosha kupima?

Kujua kama LED ya sensa inawaka, ndiyo. Tumia ya mbele, maana za nyuma nyingi zina kichujio cha kuzuia infraredi. Kupima taa za chumba, hapana. Chapisha namba ya giza kwenye skrini, kisha tembeza roboti chumba kizima.