Uyoga "wa mwembe" au uyoga "kwenye mwembe"?

Swali: Naandika maelezo ya picha za uyoga wa porini. Lipi ni sahihi: "uyoga wa mwembe", "uyoga juu ya mwembe" au "uyoga mwembeni"?

Jibu: Yote ni Kiswahili, ila hayasemi jambo moja. "Uyoga wa mwembe" hudai kwamba uyoga huo na mwembe ni chanda na pete. Mamama (uyoga wa jenasi ya Pleurotus), kwa mfano, huota kwenye miti mingi iliyokufa, hivyo kuuhusisha na mwembe peke yake ni kumpotosha msomaji. Kama umeuona mara moja tu, andika: "Uyoga ulioota kwenye kisiki cha mwembe." Kiambishi hu- kiweke kwa mazoea yanayojulikana: "Mamama huota kwenye magogo yanayooza."

"Juu ya mwembe" humfanya msomaji atazame matawini. Taja sehemu yenyewe: shina, gome, tawi kavu, gogo, kisiki. Sema pia kama mti u hai au umekufa, kwa sababu "kwenye mti" peke yake haitoshi kumwelekeza mtu anayetaka kuutambua uyoga.

Kiambishi -ni ni kizuri neno likiwa peke yake: kisikini, gomeni, gogoni. Likifuatwa na sifa huharibika. Usiandike "kisikini kikubwa" wala "gogoni lililooza". Andika "kwenye kisiki kikubwa", "kwenye gogo lililooza". Kosa hili ni la kila siku, hata magazetini ("msituni mnene").

Upatanisho wa mahali ndio utakaokufaa zaidi. "Gomeni pameota uyoga": pa- huonyesha mahali mahususi, pale pale unapopagusa. "Gogoni mmejaa nyuzi nyeupe": m- ni ndani, na humo ndimo kuvu, kiumbe kinachotoa uyoga, anamoula ubao kabla uyoga haujatokeza. "Miomboni kumeota uyoga": ku- ni eneo zima. Hii ya tatu yaufaa uyoga wa manjano wa jenasi ya Cantharellus, ambao hauoti kwenye mti. Hutoka ardhini, nyuzi zake zikiwa zimeshikamana na mizizi hai ya miti ya miombo kama Brachystegia na Julbernardia. Huo uandikie "chini ya miti", na hapo "uyoga wa miombo" ni haki yake.

Ukiukuta uyoga wowote kando ya shina, usikimbilie kuandika "ardhini". Chimbua taratibu kwa kisu mpaka kitakoni. Uyoga ukitoka na kipande cha ubao, andika "kwenye mzizi uliofukiwa" au "kwenye ubao uliofukiwa".