Bustani mwishoni mwa baridi: mkasi kwanza, jembe baadaye

Kama ndiyo kwanza unaanza bustani, jihadhari na siku ya kwanza ya jua mwishoni mwa majira ya baridi. Siku hiyo watu hutoka mbio na majembe, wakachimba hadi jioni, na wengi huwa wameuharibu udongo wao kabla msimu haujaanza. Kazi za kipindi hiki ni nyingi, ila zina mpangilio wake: miti na zana kwanza, mbegu za kuoteshwa ndani ya nyumba zifuate, udongo uje mwisho. Wanaohangaika mwaka mzima mara nyingi ni wale waliougeuza mpangilio huo.

Mwisho wa baridi ninaousema ni Februari hadi katikati ya Machi kwa walio kaskazini mwa dunia, na Agosti kwa walio kusini. Hata hivyo kalenda ni ya kukisia tu. Tarehe unayotakiwa kuijua kweli ni ya jalidi ya mwisho mahali ulipo, yaani usiku wa mwisho wa kuganda kabla joto halijatulia. Idara za hali ya hewa huwa nayo, na jirani anayelima siku zote anaijua vizuri zaidi, maana hewa baridi hushuka na kutuama mabondeni: bustani ya chini inaweza kuganda usiku ambao ya mlimani imepona. Kumbuka pia kwamba tarehe hiyo ni wastani. Ipo miaka ambayo jalidi huja baada yake.

Kazi isiyopenda kuahirishwa ni kupogoa, yaani kupunguza matawi. Mti umelala, majani yamepukutika, na unaona wazi kila tawi lilivyokaa. Akiba ya chakula iko kwenye mizizi na shina, kwa hiyo ukikata sasa mti haupotezi sana, na kidonda huanza kuzibwa mara tu ukuaji unapoanza. Ukingoja mpaka majani yafunguke, unakata kitu ambacho mti umeshakigharamia. Chagua siku kavu isiyoganda, kwa sababu mbao iliyoganda huvunjika ovyo na kidonda hakiwi safi.

Usianze kwa kutengeneza umbo. Anza na vilivyokufa, vyenye ugonjwa na vilivyovunjika. Hujui kama tawi limekufa? Likwangue gome kidogo kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani na unyevu, liko hai, kukiwa kahawia na kukavu, shuka chini hatua moja ukwangue tena, hadi ukutane na kijani. Kisha angalia matawi yanayosuguana, uondoe moja katika kila jozi. Ukimaliza hapo, rudi nyuma hatua kadhaa uutazame mti. Mara nyingi utakuta kazi iliyobaki ni ndogo kuliko ulivyodhani, na hiyo ni heri, kwa sababu hutakiwi kuondoa zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka mmoja. Mti uliokatwa kupita kiasi hujibu kwa hasira: unatoa fito nyingi nyembamba zinazosimama wima, hazizai, na mwaka unaofuata una kazi mara mbili.

Mahali pa kukata ndipo wageni wengi wanapokosea. Tazama tawi linapoungana na shina: utaona uvimbe mdogo kama pete, ngozi yake ikiwa na mikunjo. Kata nje kidogo tu ya uvimbe huo. Ukikata kwa kulichonga shina liwe laini, umeondoa sehemu ambayo mti huitumia kuziba kidonda. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo utaingia ndani. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno kuchunguza ndani yake, alionyesha kwamba mti hauponi kama mnyama. Haurudishi mbao iliyoharibika, bali huijengea ukuta na kuendelea kukua juu yake. Ndiyo maana leo hatupaki rangi wala lami kwenye vidonda. Vitu hivyo havisaidii, na wakati mwingine huhifadhi unyevu unaowafaa ukungu.

Tawi zito lisikatwe kwa mpigo mmoja kutoka juu. Likianguka huchuna gome la shina hadi chini, na jeraha hilo mti huhangaika nalo kwa miaka. Simama kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, kata kwa msumeno kutoka chini kwenda juu hadi theluthi ya unene. Kisha sogea nje kidogo, kata kutoka juu hadi tawi lidondoke. Kilichobaki ni kisiki chepesi ambacho sasa unaweza kukikata taratibu pale kwenye pete. Ni mikato mitatu badala ya mmoja, na dakika tano zaidi.

Haya yote ni ya mitufaha, mipeasi na jamii zake. Plamu na cheri ziache. Mahali penye baridi yenye unyevu, vidonda vya wakati huu huingiwa na ukungu unaofanya majani yawe na rangi ya fedha na kuua tawi baada ya tawi. Hizo hupogolewa kiangazi, siku za jua. Vichaka vinavyochanua mapema, kama lailaki na fosithia, navyo viache hadi vimalize maua, maana macho ya maua, yaani vichipukizi vyake, ya mwaka huu yalishatengenezwa mwaka jana. Ukivikata leo havifi, ila utakaa bila ua hata moja na kujiuliza kulikoni. Waridi zinapogolewa sasa, macho yanapoanza kuvimba: kata kama nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lielekee nje na katikati pabaki na hewa. Rasiberi zinazozaa vuli, kabla ya baridi, kata zote hadi chini, usizionee huruma. Mzabibu ukichelewa kuukata utadondosha maji kwa siku kadhaa. Inatisha kuona, lakini kwa kawaida haufi.

Kuna siku ambazo nje hapafanyiki kitu. Hizo ni za zana. Osha udongo wote, ondoa kutu kwa brashi ya waya, nyoosha ukingo wa jembe na sepetu kwa tupa. Mkasi wa kupogolea una jino moja la kukata na jingine la kushikilia. Noa lile la kukata tu, upande wenye mteremko, upande bapa uuguse kidogo kutoa vinyweleo vya chuma. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, futa makali kwa spiriti kabla ya kugusa mwingine. Mipini ya mbao ipake mafuta ya kitani, na matambara uliyotumia uyatandaze nje yakauke. Yakikunjwa na kutupwa kwenye pipa huzalisha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.

Mbegu za ndani ndizo zenye raha na ndizo zenye mtego. Raha kwa sababu mtu umechoka na baridi na unataka kuona kijani. Mtego kwa sababu utapanda mapema mno. Hapa ndipo ile tarehe ya jalidi ya mwisho inapofanya kazi: ihesabu kurudi nyuma. Vitunguu vya mbegu wiki 10 hadi 12, pilipili 8 hadi 10, nyanya 6 hadi 8, kabichi na ndugu zake 4 hadi 6. Matango na maboga wiki 3 au 4 zinatosha kabisa, hata kama pakiti inakuita kila siku. Mche wa nyanya uliopandwa wiki 12 kabla utakuwa mrefu, mwembamba, umejikunja dirishani na mizizi imebanana chunguni, na ule wa wiki 7 utaupita baada ya kuhamishiwa nje.

Pakiti za zamani zijaribu kwanza. Chukua mbegu 10, zifunge kwenye karatasi ya jikoni yenye unyevu, weka kwenye mfuko wa plastiki mahali pa joto, na uangalie baada ya siku zinazoandikwa kwenye pakiti. Zikiota 8, panda kawaida. Zikiota 4, panda maradufu. Chini ya hapo nunua nyingine. Za vitunguu huchoka haraka, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili. Za nyanya na maboga huvumilia miaka minne au mitano zikikaa pakavu.

Mgeni hudhani mbegu zinataka mwanga ndipo ziote. Nyingi zinataka joto kwanza: nyanya na pilipili huota vizuri udongo ukiwa nyuzi 21 hadi 27. Mara shina linapotokeza, mambo hugeuka, sasa ni mwanga mwingi na joto kidogo. Dirisha la mwishoni mwa baridi kwa kawaida halitoshi. Taa ya kawaida ya LED iliyoning'inizwa sentimita chache juu ya miche, saa 14 hadi 16 kwa siku, hufanya kazi kubwa kuliko dirisha lolote. Iinue kadiri miche inavyokua.

Adui wa hatua hii ni kinyausi. Jioni miche imesimama vizuri, asubuhi imelala, shina limenywea usawa wa udongo kama uzi. Ikifika hapo hakuna dawa ya kuirudisha. Kinga yake ni rahisi: vyombo vilivyooshwa, udongo mpya wa kuoteshea, mbegu zisirundikane, maji yawekwe kwenye trei chini yanyonywe kutoka huko, na feni ndogo ipulize kwa upole. Maji mengi ndiyo yanayowaponza watu. Juu ya udongo paanze kukauka kabla hujamwagilia tena.

Sasa udongo. Kabla hujaukanyaga, chukua konzi moja kutoka kina cha kiganja, uifinye, kisha uisukume kwa kidole gumba. Ikisambaratika, unaweza kufanya kazi. Ikibaki donge linalong'aa, rudi ndani. Udongo wa mfinyanzi ulio na maji ukikanyagwa au kulimwa, nafasi ndogo za hewa hubanwa, na ukikauka huwa tofali ambalo mizizi haipenyi. Halirekebishwi kwa kulilima zaidi. Ukilazimika kupita, tandaza ubao utembee juu yake.

Kuna kazi za udongo zisizohitaji jembe. Kuganda na kuyeyuka huinua mimea michanga hadi mizizi ionekane. Irudishe kwa kuikandamiza kwa mkono. Mboji iliyoiva mwaga juu ya tuta sentimita 3 hivi uiache, minyoo wataishusha. Matandazo yaliyorundikana kwenye mashina ya miti yasogeze, kwa sababu panya hujificha humo na kutafuna gome. Majivu ya kuni mimi siyamwagi bila kupima udongo: hupunguza asidi, na viazi na buluberi haviyapendi. Mabua makavu na majani yaliyolala usiyafagie yote bado. Wadudu wengi wenye faida wamelala humo. Ngoja hadi mchana uwe unazidi nyuzi 10 mara kwa mara.

Mbegu ya kwanza kuingia nje mara nyingi ni njegere, na watu hujisifu nani ametangulia. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke kina cha sentimita 5 asubuhi. Kwenye nyuzi 5 njegere huchukua zaidi ya mwezi kuota, na muda wote huo ziko hatarini kuoza au kuliwa na panya. Kwenye nyuzi 10 huchukua kama wiki mbili, na kwenye 15 siku tisa hivi. Anayepanda wiki tatu baada yako, udongo ukiwa umepata joto, anaweza kukukuta mpo sawa, na mistari yake haina mapengo.