Usimfuate mumeo mafunzoni kabla barua haijakutaja

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikaa chini kabisa, maana ilikuwa kama najisikia mwenyewe nikiongea miaka ile. Unasema mumeo yuko Great Lakes, anamalizia mafunzo ya ukuruti katika jeshi la wanamaji la Marekani, na kutoka hapo anapelekwa San Antonio, Texas, kusomea utabibu wa jeshini. Visa yako imetoka. Khalati anakuhimiza ukate tiketi moja kwa moja hadi San Antonio, upange nyumba karibu na kambi, "mke akae na mumewe". Unaniuliza mimi nilifanyaje, na kama nawe ufanye vivyo hivyo.

Nilifanya vivyo hivyo. Nikaumia, na wewe sitaki uumie.

Anachokiwaza khalati nakijua, kwa sababu nami nilikuja na picha hiyo hiyo kichwani. Sisi tumekulia Likoni, Mombasa. Tumesoma na watoto wa wanamaji wa kambi ya Mtongwe, tumewaona baba zao wakirudi jioni na sare zimenyooshwa, mama zao wakianika nguo nje ya kota. Kwetu mwanamaji ni mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni, na akipelekwa baharini, mkewe anabaki kwenye nyumba ya serikali. Lakini wale tuliowaona walikuwa wameshamaliza mafunzo zamani. Kuruti na mwanafunzi hatukuwahi kuwaona, na huyo ndiye mumeo kwa sasa.

Mume wangu alijiunga mwishoni mwa 2017. Tulikuwa Dallas, tukikaa nyumba moja na shemeji na mkewe, na mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Wiki mbili baada ya yeye kuondoka, posta ikaleta boksi. Ndani mlikuwa na nguo alizovaa siku ile: suruali ya jinzi, fulana ya kijivu, viatu, na simu yake imezimwa. Barua hamna. Siku zile kuruti alikuwa anavuliwa kila alichokuja nacho, kinarudishwa kwao. Ile fulana sikuifua. Niliifunika kwenye mto wa mtoto, na usiku uleule nikaamua kwamba nahamia huko aliko.

Great Lakes iko kaskazini ya Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Tangu kambi za San Diego na Orlando zifungwe miaka ya 1990, kila kuruti wa jeshi hilo anapitia hapo, hakuna pengine. Nikapanga chumba na sebule Waukegan, dola 900 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mzima, na dipoziti ya mwezi mmoja. Shemeji alinisihi ningoje, nikamwona hana huruma. Tulifika mwezi Januari. Theluji ilikuwa imenifika magotini na mtoto hana buti.

Siku ya pili nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, juu yake nikavaa koti, nikapanda treni. Kutoka Waukegan, Great Lakes ni kituo cha pili tu. Ukishuka, kambi unaiona. Nilikwenda hadi langoni, na askari aliyekuwapo akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba kuruti haji kuonwa. Mume wangu alikuwa ndani ya uzio ule, sijui hatua ngapi kutoka nilipo, na barua ya kumwambia kwamba nimehamia ilikuwa bado haijamfikia. Nikarudi kituoni nikasubiri treni dakika arubaini kwenye ule upepo wa ziwani. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka.

Siku ya kuhitimu nilimpita bila kumtambua. Wote wamenyolewa, wote sare moja, wamesimama kama misumari. Alikuwa amepungua uso. Nilipomfikia alinishika mkono kwa nguvu bila kusema kitu. Siku chache kabla ya kuhitimu huwa wanajaribiwa usiku kucha ndani ya mfano wa manowari uliojengwa humohumo kambini, moto na maji na kelele, na wakipita asubuhi wanavuliwa kofia ya kuruti na kupewa kofia ya mwanamaji. Kofia hiyo alimvisha mtoto wetu, na picha ile ndiyo iliyo sebuleni kwangu hadi leo. Kwa hiyo siku ya kuhitimu, mdogo wangu, kama unaweza kuwahi, nenda. Hiyo sikukatazi. Ila hakikisha jina lako lipo kwenye orodha yake ya wageni, maana nafasi ni chache na bila jina hupiti langoni.

Baada ya hapo ndipo nilipodhani maisha yataanza. Yeye alipangiwa kusoma hapohapo Great Lakes, ufundi wa injini za meli. Nikajua sasa atakuwa anakuja nyumbani jioni. Wiki za mwanzo hakuruhusiwa kutoka kambini kabisa. Baadaye aliruhusiwa Jumamosi na Jumapili, ikiwa hana zamu ya lindo, ikiwa hajaanguka mtihani, na usiku lazima alale bwenini hata kama mkewe yuko vituo viwili vya treni kutoka hapo. Nilikuwa naweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Kwa miezi mitatu nilimwona siku tisa.

Jumapili ya kwanza alifika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimepika pilau, kachumbari nimekata, mtoto nimemvisha kanzu yake ya Idi. Alikula sahani moja, akakaa kwenye godoro kwa sababu kochi hatukuwa nalo, akalala na viatu. Mtoto akampanda kifuani, akawa anamfunua jicho kwa kidole, "Baba, baba." Hakuamka. Nami sikumwamsha hadi saa kumi na moja, kwa kuwa saa kumi na mbili alitakiwa awe langoni. Nilivuka nusu ya Marekani kuja kumtazama mume wangu akilala, na hata kumlaumu siwezi, kwa sababu siku sita zote alikuwa anaamka kabla ya alfajiri.

Aprili ikaja barua ya uhamisho: Norfolk, Virginia. Hapo ndipo nilipojifunza kilichonigharimu kuliko vyote. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inayomruhusu mwanajeshi kuvunja mkataba wa nyumba akipewa uhamisho, mradi atoe taarifa kwa maandishi pamoja na nakala ya barua. Lakini mkataba wangu ulikuwa na jina langu peke yangu, maana yeye wakati nautia saini alikuwa kuruti. Mwenye nyumba akasema mimi si mwanajeshi. Tulibishana wiki mbili, mwishowe tukapoteza dipoziti na kodi ya miezi miwili. Nilikuwa nimeziweka pesa hizo zije zimlipie mama matibabu ya macho. Mama hajui hadi leo kwa nini zilichelewa, na sasa atajua kwa kuwa utamsomea.

Tuje kwako. Neno la kumuuliza mumeo ni moja: kozi yako ni wiki ngapi? Serikali ikiona mafunzo ya mahali pamoja yanafika wiki 20 au zaidi, inayahesabu kuwa uhamisho kamili, na familia inahamishwa kwa gharama yake. Yakipungua hapo, kwao mumeo ni msafiri tu na wewe hutajwi popote. Karatasi uliyonisomea juzi haifiki wiki 20. Ukienda San Antonio utakwenda kwa fedha yako, utapanga kwa jina lako, na mumeo atalala bwenini kama wangu.

Kisha kuna jambo ambalo labda mumeo hajakueleza, au naye bado hajalijua. Kikosi cha Marine hakina matabibu wake, kinapewa na jeshi la wanamaji. Kwa hiyo wengi wanaosomea utabibu wakitoka San Antonio wanapelekwa tena mafunzo mengine ya kwenda na Marine, ama Camp Lejeune kule North Carolina ama Camp Pendleton kule California. Ukimfuata kila anakopelekwa utahama mara mbili kabla hajapata kituo chake cha kwanza, na mara zote hizo hakuna wa kukubebea hata sufuria. Ikitoka barua ya kituo, jina lako likiwa ndani, hali inageuka. Mwanamaji wa cheo cha chini asiye na familia anabebewa mizigo ratili 5,000, mwenye familia ratili 8,000. Huo ni uzito wa nyumba nzima. Sisi kuja Norfolk hatukunyanyua kitanda.

Fedha, nakuomba uwaeleze nyumbani mapema. Watu wanasikia "mwanajeshi wa Marekani" wanaanza kupanga harusi na mabati. Mwaka 2025 kuruti alikuwa anaanza na dola 2,100 na ushei kwa mwezi kabla ya makato, zinazogawanywa tarehe 1 na tarehe 15. Marupurupu ya nyumba kwa aliyeoa yapo, na bima ya afya ya familia ni nzuri mno, siidharau. Ila vyote vinangoja mke aandikishwe kwenye daftari lao, na daftari linataka cheti cha ndoa chenyewe au nakala iliyothibitishwa, na vyeti vya kuzaliwa. Yetu yalichelewa kwa sababu cheti cha kadhi kilikuwa Likoni kwenye sanduku la mama. Chako kibebe mkononi, usikitie kwenye begi la kuingia tumboni mwa ndege.

Mwambie pia mumeo, akipata nafasi tu, aende ofisi ya sheria ya kambi aandikiwe hati ya kukuruhusu kutia saini kwa niaba yake. Ni bure. Ningekuwa nayo hati hiyo, mkataba wa Waukegan ungekuwa na jina lake.

Na la msiba. Hili linanichoma kulisema. Bibi yake mume wangu, aliyemlea, alifariki Ukunda mume wangu akiwa wiki ya tano ya ukuruti. Ndugu walinipigia simu usiku, "mpe habari." Sikuwa na simu ya kumpigia. Njia ni kupitia Msalaba Mwekundu wa Marekani: unawapa jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na kikosi chake, wao wanathibitisha msiba kisha wanaufikisha kwa wakubwa wake. Alipewa habari, akaruhusiwa simu moja, akarudi kwenye kwata. Kuzika hakuja. Kuna mashemeji hadi leo wanasema alijifanya Mzungu. Hakuwa na ruhusa, basi. Waeleze watu wenu hilo kabla halijatokea, na namba ya kikosi iandike mahali ambapo hata khalati anaweza kuiona.

Unaweza kuniambia, "Lakini dada, wewe siku tisa hizo si ulizipata?" Nilizipata. Sisemi zilikuwa bure, na kuna mwanamke mwenye kazi, gari na ndugu San Antonio ambaye ningemwambia nenda. Wewe utashuka ndege hujui kuendesha gari, leseni huna, humjui mtu, na mji ule bila gari ni kufungiwa ndani. Mimi upweke wa Waukegan uliniingia hadi nikawa naongea na mtoto siku nzima kama mtu mzima mwenzangu. Nilikuja kupata nafuu hapa Norfolk, kwa mwanamke aliyenigongea mlango na chakula wiki ya kwanza meli ya mume wangu ilipoondoka. Kila kikosi kina mtu, mara nyingi mke wa mwanamaji, anayeteuliwa na kamanda awe kiungo kati ya familia na wakubwa, utaratibu ulioanzishwa na Admirali Elmo Zumwalt mwaka 1970. Wanafunzi wako njiani tu, leo hapa kesho kule, na familia zao zinapita bila kujuana. Kituoni ndipo watu wanapojuana.

Kwa hiyo usikate tiketi ya San Antonio. Kata ya Norfolk. Chumba cha nyuma kiko wazi, kina kitanda na hita inayofanya kazi. Utajifunza kuendesha gari kwa gari langu, utaanza darasa la uuguzi msaidizi kama ulivyotaka, na mumeo akipata likizo kati ya kozi na kozi atakuja hapa. Shemeji yako ameshakubali, nilimuuliza jana. Barua ya kituo ikitoka, tutafunga mizigo pamoja.

Nijibu kabla ya Ijumaa, ili niongee na khalati mwenyewe. Na mwambie mama akuwekee achari ya maembe, chupa mbili, uzifunge vizuri ndani ya plastiki.