Msumeno wa meza nyumbani: anza na kisu cha nyuma, kisha swichi

Ndugu uliyeuliza, umesema umenunua msumeno wa meza uliokwishatumika, wa bledi ya inchi 10, ili utengeneze makabati ya jiko nyumbani, na kwamba aliyekuuzia amekupa mashine bila kifuniko cha bledi na bila kile kibati cha nyuma, yaani kisu cha nyuma, akisema vinasumbua tu. Unataka kujua uanzie wapi ili usijiumize na mashine idumu. Mimi nina mashine ya ukubwa huo kwa mwaka wa kumi na moja sasa, katika banda nililolijenga nyuma ya nyumba yangu hapa Tanga, na jibu langu litakuwa refu, kwa sababu hicho kibati ulichoambiwa kinasumbua ndicho ambacho ningekitafuta kabla sijapasua hata ubao mmoja.

Itazame bledi yako mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Meno ya upande wako, unakosimama, yanashuka, kwa hiyo yanaukandamiza ubao mezani na kazi inakwenda kwa utulivu. Meno ya upande wa pili yanapanda. Bledi ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika huifanya ncha ya jino isafiri karibu mita 53 kwa sekunde, yaani kama kilomita 190 kwa saa. Ubao ukiyaegemea hayo meno ya nyuma, ama kwa sababu mpasuo umejifunga na kuibana bledi, ama kwa sababu ubao umeiacha fensi, ule ukingo wa mezani unaouongoza, na kukaa mshazari, meno huunyanyua na kuurusha kwa kasi hiyo kuelekea kwa aliyesimama. Watu wengi huogopa kukatwa vidole na hawaufikirii ubao unaorudi, ilhali mara nyingi mambo hayo mawili ni ajali moja: ubao unaporuka, mkono uliokuwa umeuegemea hukosa kitu cha kushika na kuangukia kwenye bledi.

Nilijifunza hayo katika mwaka wangu wa pili. Nilikuwa napasua ubao wa mtiki, inchi moja kwa sita, nilioununua Muheza ukiwa umekaa kivulini wiki tatu tu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeondoa kisu cha nyuma ili nichonge mifereji ya kuingizia vitako vya droo, na nikajiambia kwamba nitakirudisha nikimaliza kazi yote. Nilipofika kama nusu ya ubao, mlio wa bledi ulishuka, ukawa mzito, na nikauona mpasuo ukifumba taratibu nyuma ya bledi. Badala ya kuushikilia ubao palepale na kuzima mashine, nilisukuma kwa nguvu zaidi. Sikuuona ukiondoka. Ulinipiga juu kidogo ya nyonga ya kushoto, ukapita, ukabandua plasta ya ukuta uliokuwa mita nne nyuma yangu, na vidole vyangu vya kushoto vilisimama umbali usiozidi upana wa kidole kimoja kutoka kwenye meno. Ubao ule ninao hadi leo. Upande wake wa chini una mistari iliyopinda kama upinde, ambayo meno ya nyuma yaliichora wakati yakiunyanyua, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu nampa kwanza aupapase kwa mkono.

Kisu cha nyuma ni kibati cha chuma kigumu kinachokaa ndani ya mpasuo, nyuma tu ya bledi, ili mbao zisijifunge na ubao usiweze kusogea ukaegemea meno yanayopanda. Unene wake ndio wenye maana kuliko kitu kingine chochote: lazima uzidi unene wa bati la bledi yenyewe, lakini uwe mdogo kuliko upana wa mpasuo ambao meno yanauacha. Bledi yangu, kwa mfano, ina meno ya milimita 3.0 na bati la milimita 2.0, na kisu changu ni cha milimita 2.5. Kikiwa kinene kuliko mpasuo, ubao utakwama juu yake. Kikiwa chembamba kuliko bati la bledi, hakizuii chochote. Kiwe karibu na meno, nafasi ya milimita 3 hadi 8, ncha yake iwe chini kidogo ya kilele cha bledi, na kiwe kinapanda na kushuka pamoja na bledi. Kikikaa hivyo, huna sababu ya kukiondoa hata unapochonga mifereji, na hilo ndilo lililonishinda mimi, kwa kuwa kisu cha zamani cha mashine yangu kilikuwa kirefu kupita bledi na kilishikamana na kifuniko.

Tafuta kwanza kisu halisi cha mashine yako kwa wauza vipuri. Kisipopatikana, fundi mzuri wa vyuma anaweza kukichonga kutoka kwenye bati la chuma lililonyooka kabisa, lakini usikubali kazi ya kukadiria kwa macho: weka rula ya chuma ubavuni mwa bledi na uhakikishe kwamba kisu kimekaa katikati ya mstari wa meno, hakikuegemea kushoto wala kulia. Hadi siku utakapokuwa nacho, nakusihi usipasue ubao kwa urefu katika mashine hiyo. Hata ukiwa nacho, kwa mbao ndefu au mbichi, weka karibu kabari nyembamba za mti. Mpasuo ukianza kufumba, zima mashine, subiri bledi isimame kabisa, kisha pachika kabari kwenye mpasuo na uendelee.

Jambo la pili ni swichi, na hili linatuhusu sana sisi tunaoishi na umeme unaokatika. Swichi ya kawaida ya ukutani, ambayo mafundi wengi huifunga kwenye mashine za mitaani, hubaki imewashwa umeme unapokatika. Siku moja umeme ulikatika nikiwa kazini, nikaingia ndani kunywa maji, nikarudi na kuanza kupangusa meza kwa kitambaa bila kukumbuka kwamba sikuzima. Umeme ukarudi. Kitambaa kilinyakuliwa mkononi mwangu kabla sijasikia mlio wa mota. Wiki hiyohiyo nilifunga swichi ya sumaku, ile inayojiachia yenyewe umeme ukikatika na kukulazimu ubonyeze tena kitufe ili mashine izunguke. Chagua yenye kitufe kikubwa cha kuzimia, na uifunge mahali ambapo goti lako linaweza kukifikia, maana mikono yako yote miwili itakuwa kwenye ubao saa utakapokihitaji. Na waya wa kurefushia umeme usiwe ule mwembamba wa kuwashia redio. Mota ya kilowati 1.5 au zaidi ikivutiwa umeme kupitia waya mwembamba na mrefu hupoteza nguvu, huchemka, na bledi inayopungua kasi katikati ya ubao ni mwanzo wa ubao kukwama. Mimi natumia waya wa milimita za mraba 2.5, na siuachi ukiwa umeviringwa rundo wakati wa kazi.

Wakati wa kupasua, usisimame katika mstari wa bledi. Fensi ikiwa kulia kwa bledi, simama kushoto kidogo, ili kipande kilicho kati ya bledi na fensi kikirudi kipite pembeni mwako. Hicho ndicho kipande cha kusukuma hadi kivuke bledi na kisu kabisa, usikiache katikati. Bledi naiinua hadi mabonde yaliyo kati ya meno yaonekane juu kidogo ya uso wa ubao, wala sizidishi. Kila ninapopasua kipande chembamba kuliko sentimita 15, mkono hautumiki kati ya bledi na fensi. Wengi hutumia kijiti chenye pengo mwishoni, lakini mimi napendelea kisukumio cha umbo la kiatu, kilichochongwa kwa plaiwudi, chenye kisigino nyuma na tako refu, kwa sababu kinaukandamiza ubao chini huku kikiusukuma mbele, ilhali kijiti husukuma mwisho tu na kuuacha upande wa mbele uinuke. Tengeneza vitatu kwa siku moja na uviweke mezani. Kisukumio kilichotundikwa ukutani huachwa hukohuko.

Kwa kukata ubao kwa upana, tumia kipimo cha pembe kinachoteleza kwenye mfereji wa meza, na fensi isogeze mbali. Kuvitumia vyote viwili kwa pamoja, ubao ukiegemea fensi huku ukisukumwa na kipimo cha pembe, hukifanya kipande kilichokatika kibanwe kati ya fensi na bledi bila kushikwa na mtu, nacho hugeuka na kuruka. Ukitaka vipande vingi vya urefu mmoja, funga kizuizi kwenye fensi kwa klempu, kiishie kabla ya bledi, ubao ukiguse kwanza na kukiacha ndipo ufike kwenye meno. Vipande vidogo vinavyobaki mezani usiviguse wala kuviondoa kwa ncha ya kidole bledi ikizunguka, hata kama umekwishazima.

Glavu zisivaliwe kwenye mashine hii. Jino likigusa ngozi hukata, lakini likinasa glavu huvuta mkono mzima. Kwa sababu hiyohiyo, vua saa na pete, na kunja mikono mirefu ya shati. Miwani ya kinga na viziba masikio ni vya lazima, na barakoa pia, kwa kuwa vumbi la mbao liliwekwa tangu mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Usifanye kazi ukiwa peke yako nyumbani, na watoto wasiingie bandani hata kutazama.

Kuhusu matunzo, kipimo kimoja kinashinda vingine vyote: bledi lazima iwe sambamba na mfereji wa meza. Chomoa plagi, weka alama ya kalamu kwenye jino moja, pima umbali kutoka ukingo wa mfereji hadi jino hilo likiwa mbele, kisha zungusha bledi kwa mkono hadi jino lilelile lifike nyuma na upime tena. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi ya milimita, legeza boliti zinazoishikilia mota na shafti chini ya meza, gusagusa kwa nyundo ya mti, kisha rudia kupima. Baada ya hapo ilinganishe fensi na mfereji huohuo. Ikiwa lazima ikosee, bora iachie nafasi ndogo kwa nyuma kuliko kubana, kwa kuwa fensi inayobana nyuma huusukuma ubao kwenye meno yanayopanda. Mashine iliyosafirishwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu kutoka kwa muuzaji, kama unavyosema yako ilivyosafirishwa, haikosi kuwa imesogea.

Utomvu wa mninga na wa paini huganda kwenye meno, bledi ikachemka na kuunguza mbao, na mwenyewe akadhani imekuwa butu. Iloweke katika maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, ikaushe mara moja. Bledi za meno ya kabaidi, ile metali ngumu sana, usimpe mnoaji wa mtaani mwenye tupa au jiwe la kawaida, maana kabaidi hunolewa kwa jiwe la almasi. Mimi niliipoteza bledi moja ya meno 60 kwa namna hiyo. Meno 24 yanatosha kupasulia, na kwa plaiwudi na MDF (mbao za nyuzi za mti zilizoshindiliwa) utahitaji 60 au zaidi. Mbao zilizotumika kwenye zege zikague msumari kwa msumari kabla hazijagusa mashine. Meza ya chuma hapa pwani hushika kutu kwa usiku mmoja wa masika, kwa hiyo naipaka nta ya mshumaa kila baada ya wiki mbili, na ubao huteleza vizuri zaidi. Grisi usiitie kwenye gia za kuinulia bledi, kwani hugeuka uji wa unga wa mbao. Brashi kavu na nta vinatosha. Unga uliojikusanya ndani, karibu na mota, uutoe kila jioni, kwa sababu hushika moto.

Ukipata nafasi, pima unene wa bati la bledi na upana wa meno yake kwa kalipa, kisha uandike hapa vipimo vyote viwili pamoja na picha ya sehemu iliyo chini ya meza panapofungwa kisu. Nikiviona, nitakueleza fundi akuchongee bati la unene gani.