Rasta nilizokata nizitie kwenye kazi ya sanaa?

SWALI: Dada habari, mi nasoma sanaa mwaka wa mwisho. Nilikata rasta zangu baada ya miaka saba nikazihifadhi kwenye mfuko, sasa nataka nizitumie kwenye kazi ya kumalizia masomo ila wenzangu wanasema kinyaa, alafu mwalimu kasema nywele ni mambo ya saluni. Niache?

JIBU: Usiache mdogo wangu. Hicho kinyaa ndo mtaji wako, yani unywele ukiwa kichwani tunausifia, ukidondokea kwenye sahani tunasukuma chakula. Mona Hatoum, msanii Mpalestina aliyezaliwa Beirut, alichukua kefiye, kile kitambaa wanaume wanajifunga kichwani, akadarizi ile michoro kwa nywele za wanawake, ncha kaziacha zinaning'inia nje ya kitambaa, kazi aliianza 1993 akaimaliza 1999. Sasa fikiria, zile zile nywele mwanamke anaambiwa azifunike ndo mwanaume ajitwike kichwani!

Kuhusu saluni, mwambie mwalimu (kwa adabu lakini, bado atakusahihishia) amtafute msanii Sonya Clark wa Marekani. Huyu aliwaendea wasusi akawapa kichwa chake wasuke, alafu akawapa na turubai (kile kitambaa cha wachoraji) yenye nyuzi wasuke tena, kila mtu kwa mkono wake, na kwenye maonyesho majina ya wasusi yakawekwa. 2014 kazi hiyo ikabeba tuzo kubwa ya majaji kwenye ArtPrize, mashindano ya sanaa ya huko Marekani. Kwa hiyo msusi ni fundi kama mchongaji tu, mi sioni tofauti.

Ila nina swali kwako, ulizikata kwa nini? Maana hujasema, na naona kazi yako imejificha hapo. Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, aliachana na mumewe 1939, mwaka uliofuata akajichora kavaa suti ya kiume inayompwaya, mkasi mkononi, nywele zimetapakaa sakafuni mpaka miguuni pa kiti kama vile bado zina uhai, na juu kaandika maneno ya wimbo ya mtu anayesema nilikupendea nywele, sasa huna basi sikutaki. Hakuna haja ya kuuliza alizikata kwa nini.

Zioshe, zikauke kabisa zisije zikavunda. Alafu usizitengeneze upya ili zipendeze, na kama ile raba uliyozifungia siku ile bado ipo, iache hapo hapo.