Kwa Mnaoanza Kusoma Urasimi Mpya na Ulimbwende: Anzeni na Kazi Zenyewe

Ninyi mnaoanza masomo ya historia ya sanaa au fasihi linganishi mtapewa mapema jedwali lenye safu mbili, moja kwa kila mmoja wa mielekeo hii miwili ya sanaa ya Ulaya ya karne ya 18 na ya 19. Safu ya urasimi mpya itakuwa na akili, utaratibu, mstari, Ugiriki na Roma ya kale. Ya ulimbwende itakuwa na hisia, ubunifu, rangi na maumbile. Jedwali hilo si la uongo, na mtihani unapokaribia litawasaidia kukumbuka. Hata hivyo, nimesahihisha insha za kutosha kujua kwamba mwanafunzi anayelikariri kabla ya kuitazama kazi hata moja huandika mambo ambayo yangeandikwa na mtu asiyewahi kuona mchoro wala kusikia simfonia. Chagueni kazi chache, kaeni nazo kwa muda mrefu, kisha ndipo mlirudie jedwali na kulihoji.

Anzeni na mchoro wa Jacques-Louis David uitwao Kiapo cha Horatii, alioumaliza akiwa Roma mwaka 1784 na ambao ulionyeshwa Paris mwaka uliofuata. Ndugu watatu, Horatii wa Roma ya kale, wamesimama kushoto, mikono wameinyoosha kwa pamoja kuelekea panga tatu ambazo baba yao ameziinua katikati. Nyuma yao kuna matao matatu, na chini ya kila tao limepangwa kundi lake la watu. Kulia, wanawake wameketi wakiwa wamelegea kwa huzuni. Fuateni mistari kwa kidole: miili ya wanaume imenyooka na ina pembe kali, ya wanawake imepinda. Rangi imepakwa laini kiasi kwamba alama ya brashi haionekani kwa urahisi. Msiondoke hapo mapema, kwa sababu mmoja wa wanawake hao ni dada wa wale ndugu watatu, na mchumba wake ni miongoni mwa Curiatii, ndugu watatu wa upande wa adui watakaopigana nao. Mwingine ameolewa katika nyumba hii ilhali kaka zake ni hao hao Curiatii. Yeyote atakayeshinda, nyumba italia. Hisia imo, tena nzito, ila imesogezwa pembeni ili wajibu kwa nchi ukae katikati. Anayeandika kwamba urasimi mpya hauna hisia hajautazama upande wa kulia wa mchoro huu.

Mazingira yaliyouzaa mwelekeo huo yanaelezwa vizuri katika vitabu vyenu, kwa hiyo nayataja kwa ufupi tu. Uchimbaji wa Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, ulianza 1738 na wa Pompeii, mji mwenzake, 1748, na mwaka 1755 Johann Joachim Winckelmann, mtaalamu Mjerumani wa sanaa ya kale, alichapisha andiko lililoisifu sanaa ya Wagiriki kwa usahili wake adilifu na utukufu wake tulivu. Wasanii wa kizazi kilichofuata walitafuta huko kipimo cha uzuri, na pia cha uadilifu wa raia.

Sasa wekeni kando ya Kiapo hicho Chelezo cha Medusa, mchoro wa Théodore Géricault ulioonyeshwa Paris mwaka 1819. Meli ya Méduse ilikwama karibu na pwani ya Mauritania mwezi Julai 1816, ikiwa chini ya nahodha aliyepata cheo kwa upendeleo. Watu wapatao 147 walipandishwa juu ya chelezo kisha wakaachwa baharini; baada ya siku 13 walikutwa hai 15 tu. Géricault aliwahoji manusura, akatengenezewa mfano wa chelezo, akachora maiti ili ajue rangi ya mwili uliokufa. Hakuna shujaa wa kale hapa, wala kiapo. Kuna aibu ya serikali iliyokuwa bado mbichi, na juu kabisa ya rundo la miili ni mtu mweusi anayepunga kitambaa kwa meli iliyo mbali. Mkiutazama kwenye simu mtapoteza nusu ya maana yake, kwani una karibu mita 5 kwa mita 7, ukubwa ambao kwa desturi ulitengewa matukio ya wafalme na watakatifu. Lakini angalieni pia kwamba watu hawa waliokaa siku nyingi bila chakula wana misuli ya sanamu za Kigiriki, na kwamba miili yao imejengwa katika umbo la piramidi. Géricault alifunzwa na Pierre-Narcisse Guérin, msanii wa urasimi mpya, na mafunzo hayo hayakumtoka alipobadili mada. Eugène Delacroix, aliyekuwa kielelezo cha mmoja wa watu waliomo katika mchoro huo, alipitia kwa mwalimu huyo huyo.

Ndiyo maana nawasihi mzipange kazi kwa miaka yake badala ya kuzigawa kwa makundi. Katika maonyesho ya Paris ya 1824, Ingres, mchoraji wa urasimi mpya, na Delacroix, mlimbwende, walionyesha pamoja: wa kwanza Nadhiri ya Louis wa 13, wa pili Mauaji ya Chios, yaliyotokea katika kisiwa hicho cha Ugiriki mwaka 1822 wakati Wagiriki wakipigania uhuru wao. Nalipenda sana jambo hili na sijaona likipewa uzito unaostahili: Ugiriki ni ya pande zote mbili. Wa urasimi mpya waliipenda ya mawe na mashujaa waliokufa; walimbwende waliipenda iliyokuwa ikichomwa moto mbele ya macho yao, na Lord Byron, mshairi mlimbwende wa Uingereza, alifia huko, Missolonghi, Aprili 1824.

Byron huyo huyo atawasumbua katika fasihi, na ni vyema awasumbue. Alimtetea kwa nguvu Alexander Pope, bingwa wa beti za mistari miwili yenye vina, wakati ambapo wenzake walimwona mshairi wa kanuni tupu. Ninyi mliokulia katika vina na mizani mna faida hapa, kwa maana mnajua tayari kwamba kanuni kali haimzuii mshairi kuumia wala kuumiza. Someni Pope kwa sauti kabla ya kusoma utangulizi ambao mshairi mlimbwende William Wordsworth aliuandika mwaka 1800 kwa mkusanyiko wa mashairi aliouchapisha na mwenzake Coleridge miaka miwili kabla, akidai ushairi utumie lugha ambayo watu huizungumza kweli. Mtatambua anapingana na nini.

Goethe, mwandishi Mjerumani, naye hakai katika safu moja. Riwaya yake ya Werther ya mwaka 1774 iliwaliza vijana wa Ulaya, kisha akarudi kwenye umbo tulivu la kale. Shairi lake la Erlkönig alilitia muziki mtunzi Franz Schubert mwaka 1815, akiwa na miaka 18. Mwimbaji mmoja hubeba sauti nne: msimulizi, baba, mtoto mgonjwa na jini anayemwita mtoto, huku piano ikigonga noti tatu tatu bila kupumzika kama mwendo wa farasi. Lisikilizeni mara kadhaa, kila mara mkifuata sauti moja tu.

Katika muziki, majina yanahitaji uangalifu zaidi. Mtunzi Gluck, katika utangulizi wa opera yake ya Alceste wa mwaka 1769, alitaka usahili ule ule uliotafutwa na wachoraji, lakini Haydn na Mozart kwa kawaida huwekwa katika kipindi cha klasiki, na Beethoven husimama mlangoni kati ya kipindi hicho na ulimbwende. Simfonia yake ya 3, iliyochezwa hadharani Vienna mwaka 1805, ina umbo aliloachiwa na Haydn, ila amelirefusha mno. Jina neoklasiki, ambalo ndilo urasimi mpya kwa neno la kigeni, katika vitabu vya muziki kwa kawaida huwahusu watunzi wa karne ya 20, kama Stravinsky wa Pulcinella ya mwaka 1920. Kwa hiyo mkilikuta, angalieni mwaka wa utunzi kabla ya kuandika sentensi yoyote inayomweka mtunzi huyo karibu na David.